Fundi ndani ya nyumba ya watu: maswali yenu

Wiki hii mmeuliza sana kuhusu kazi za ndani, zile nyumba watu wanaishi humohumo na wewe unagonga. Nimechukua manne.

Swali: Nachimba ukuta kwa grinda nipitishe paipu za umeme, ila mama mwenye nyumba ana kichanga cha wiki tatu na hawana pa kwenda. Nafanyaje?

Jibu: Grinda iache kwanza kaka. Lile vumbi la zege na tofali lina madini ya silika, na zile chembe usizoziona kwa macho ndo zinazofika ndani kabisa ya mapafu, kichanga yeye anavuta chochote utakachomwachia. Rudi kwenye nyundo na tindo, pima kwanza kama hakuna waya unapita hapo, halafu lowesha ukuta kidogo kidogo unapochimba (maji na grinda ya umeme usijaribu!). Chumba kimoja kimoja, mama na mtoto wakae kile cha mbali, chini ya mlango wao weka kanga iliyolowa. Itakula siku nzima zaidi, sawa, iweke kwenye bei mapema. Na kabla hujaanza pita jikoni ufunike vitu, nishaona ndoo ya maji ya kunywa juu ina utando mweupe kama maziwa ya unga na fundi anajisifia kamaliza mapema.

Swali: Lazima niseme kila nikifunga maji? Dakika kumi tu.

Jibu: Dakika kumi kwako wewe. Mimi nilishafunga koki kuu kimyakimya, kumbe mzee wa watu yuko bafuni kajipaka sabuni mpaka kichwani, anaita maji, maji, na mimi niko juu kwenye simtanki sisikii kitu. Alitoka na taulo, povu linamdondoka masikioni, akanisalimia kwanza ndo akaanza kunisema. Siku hizi nabisha hodi kila mlango, nataja saa ya kufunga na saa ya kufungua, wajaze ndoo. Kwenye umeme ndo uulize zaidi, kama kuna mgonjwa anatumia mashine, kama kuna insulini kwenye friji basi friji lisifunguliwe hovyo. Halafu bandika karatasi kwenye meni swichi, maana nyumba ya wapangaji sita lazima mmoja akiona giza akimbilie kuiwasha, na wewe umeshika waya, volti 230 hiyo.

Swali: Nimefika nimemkuta dada wa kazi na watoto tu. Niingie?

Jibu: Usiingie mpaka umpigie bosi wake hapohapo mlangoni na dada asikie mwenyewe, kikipotea kijiko anaulizwa yeye. Ukiingia acha mlango wazi. Na nyie mafundi rangi, ile tabia ya kubeba tina ya kuzimulia rangi kwenye chupa ya soda ikome jamani, mtoto akiona chupa ya soda anajua ni soda.

Swali: Kupost picha za kazi yangu steti ya WhatsApp kuna ubaya?

Jibu: Uliza kwanza, wakikataa basi. Wakikubali piga picha hiyo swichi uliyofunga, kitanda cha watu na chandarua chao vinatuhusu nini?