Kabla ya kuchora kitabu, kunja karatasi

Kitabu changu cha kwanza cha picha nilikichora kama mtu anayetayarisha maonyesho ya ukutani. Kila picha niliikamilisha peke yake, nikaiweka kando, nikashika nyingine. Nakala ya majaribio iliporudi kutoka kwa mpiga chapa, msichana niliyemhangaikia siku nne alikuwa na jicho moja upande huu wa mshono, pale kurasa mbili zinapoungana, na jingine upande wa pili, pua imemezwa katikati. Niliumia sana.

Sisi tuliozoea kubuni nembo na mabango hufikiri kwa picha moja. Kitabu hakisomwi hivyo. Msomaji anafunua, na kabla hajafunua hajui kinachomngoja. Hadithi inakaa hapo, kwenye kufunua.

Kwa hiyo usianze na rangi. Chukua karatasi 8, zipange pamoja, zikunje katikati na uzishone kwa uzi. Umepata kurasa 32. Idadi hiyo inatokana na mtambo: karatasi kubwa ikichapwa pande zote mbili kisha ikakunjwa, mara nyingi hutoa kurasa 16, na vitabu vingi vya picha huundwa kwa mikunjo miwili ya namna hiyo. Ukitoa ukurasa wa jina la kitabu na ule wa haki za mwandishi, hadithi yenyewe inabaki na jozi 12 hadi 14 hivi za kurasa zinazotazamana. Ni chache kuliko unavyodhani.

Zijaze kwa penseli, harakaharaka, bila kujali uzuri. Kisha mpe mtu asiyeijua hadithi, ukae kimya na kutazama mikono yake. Usimweleze chochote! Katika kitabu changu cha pili niliona kila msomaji akikimbia sehemu ya kumtafuta paka aliyepotea, sehemu niliyoipenda kuliko zote. Sababu ilikuwa wazi mara nilipoitafuta: paka mwenyewe nilikuwa nimemchora ukurasa wa kulia, palepale anapotafutwa. Nilimhamishia nyuma ya ukurasa, na watu wakaanza kusita kabla ya kufunua.

Ukidhani huchori vizuri vya kutosha, mkumbuke Leo Lionni. Alikuwa mkurugenzi wa sanaa wa jarida la Fortune, na kitabu chake cha kwanza cha watoto, kilichotoka mwaka 1959, kilianza kwa vipande vya karatasi alivyovichana kwenye jarida ndani ya treni, akiwatuliza wajukuu wake. Duara la buluu linamkumbatia rafiki yake wa njano, wanageuka kijani. Hakuna uso wala mkono uliochorwa, na mtoto anaelewa kila kitu.

Mambo ya kiwandani ni machache. Picha inayofika ukingoni izidishe milimita 3 nje ya ukingo ili kisu cha kukatia kurasa kisiache ufito mweupe. Sura za watu ziepushe na mshono.

Rangi ndiyo inayotaka subira. Skrini hutoa mwanga, karatasi hunywa wino, na karatasi isiyo na mng'ao hunywa zaidi. Buluu kali huwa ya kwanza kufifia. Siku hizi naomba karatasi ileile itakayotumika, nachapisha jozi moja tu, ile yenye usiku mzito kuliko zote, kisha naitazama dirishani mchana. Ya kitabu ninachokichora sasa ilirudi nyeusi mno. Nimepunguza giza la anga mara mbili, na mbwa aliyelala chini ya mti ameanza kuonekana.