Barua kwa mwanangu: tabibu wa timu ni wa nani?

Mwanangu mpendwa,

Pokea salamu zangu na za baba yako. Sote tu wazima. Barua yako nimeisoma zaidi ya mara moja, na kwa kuwa swali lililomo ni zito, nimeona nikujibu kwa maandishi ili uweze kurudia kusoma utakapohitaji. Umenieleza kwamba tangu mwishoni mwa Septemba ugoko wa mguu wako wa kushoto unakuuma ukikimbia, kwamba tabibu wa timu amekuondoa mazoezini mpaka upigwe picha, na kwamba mashindano ya kanda ya mbio za nyika ni katikati ya Novemba. Umenieleza pia kwamba mwenzako mmoja amekushauri umeze dawa za maumivu na kunyamaza, kwa sababu watu hao, kwa maoni yake, wapo kukilinda chuo kisishtakiwe. Kisha ukaniuliza: “Mama, wewe umeifanya kazi hiyo. Yule tabibu ni wangu au ni wa chuo?”

Mshahara wake unalipwa na chuo, na hilo halina ubishi. Lakini leseni yake haikutolewa na chuo. Hapa Marekani mtu hapewi kazi ya kutunza wanamichezo kwa sababu tu ni hodari wa kufunga plasta kwenye vifundo vya miguu. Anasoma shahada, na sasa wanaoanza masomo hayo hawana budi kufikia shahada ya uzamili, kisha anafanya mtihani wa bodi ya taifa, halafu jimbo linampa kibali cha kazi. Ni California peke yake ambako jimbo halitoi kibali cha aina hiyo. Anafanya kazi chini ya maelekezo ya daktari. Chama chao, NATA, kilianzishwa Kansas City mwaka 1950, na mwaka 1990 chama cha madaktari wa Marekani kiliitambua kazi hii kuwa sehemu ya huduma za afya. Kwa hiyo tabibu akimrudisha uwanjani mtu aliyeumia ili kumfurahisha kocha, anahatarisha kibali ambacho kocha hakumpa na hawezi kumrudishia.

Kuna jambo jingine ambalo mwenzako huenda halijui. Mwaka 2016 mashirikisho matano makubwa, yaani makundi ya vyuo vinavyoshindana pamoja, ya Daraja la Kwanza (ngazi ya juu) la NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo vya Marekani, yalipitisha kanuni kwamba uamuzi wa matibabu, na wa lini mwanamichezo arudi kucheza, ni wa daktari na tabibu wa timu, wala kocha hana mamlaka ya kuupinga. Mimi nilifanya kazi kabla ya kanuni hiyo na baada yake, na ninakuhakikishia kwamba tofauti niliihisi. Zamani tabibu aliyesema “hapana” alikuwa akitegemea ujasiri wake na uungwana wa kocha.

Hata hivyo, sitaki uamini kwamba kanuni inatosha. Tarehe 29 Mei 2018 kijana aitwaye Jordan McNair, mchezaji wa futiboli ya Kimarekani wa University of Maryland, alizidiwa na joto wakati wa mazoezi ya mbio fupi za kurudiarudia. Alifariki tarehe 13 Juni akiwa na umri wa miaka 19. Uchunguzi ulioagizwa na chuo chenyewe ulionyesha kwamba joto la mwili wake halikupimwa pale uwanjani na kwamba hakutiwa katika maji ya barafu, na rais wa chuo alikiri hadharani kwamba chuo kinabeba wajibu wa kisheria na wa kimaadili. Maryland ni mwanachama wa mojawapo ya yale mashirikisho matano, maana yake kanuni ilikuwa imekwisha kuwapo.

Nakuandikia habari hii, ingawa inaniumiza kila ninapoitaja, kwa sababu tiba ya kiharusi cha joto inajulikana vizuri, na ukijua inavyopaswa kufanywa utajua pia unastahili nini. Mwanamichezo anapoanguka katika joto akiwa ameanza kuchanganyikiwa, joto lake hupimwa kwa njia ya haja kubwa, kwa kuwa vipimo vya kinywani, kwapani na kwenye paji la uso hudanganya baada ya mazoezi makali. Likizidi nyuzi 40, anatumbukizwa mara moja mpaka shingoni katika hodhi la maji ya barafu, maji yanakorogwa bila kukoma, na hatolewi kupelekwa hospitali mpaka joto limeshuka chini ya nyuzi 39. Lengo ni kulishusha ndani ya dakika 30 tangu aanguke. Kumpoza kunatangulia, gari la wagonjwa linafuata. Hodhi linapaswa kuwa limejazwa kabla ya mazoezi kuanza, na siku ya jua kali ukiliona limekaa tupu uwanjani, una haki ya kuuliza.

Sasa nije kwenye mguu wako, maana hapo ndipo roho yangu ilipo.

Kwa jinsi ulivyonieleza, tabibu alipitisha kidole polepole kwenye mfupa wa ugoko, akakuomba uruke kwa mguu mmoja, kisha akakuuliza kama maumivu yanakuamsha usiku. Alikuwa akitafuta kutofautisha mambo mawili yanayofanana sana machoni pa mkimbiaji. Maumivu yaliyosambaa kando ya mfupa, upande wa ndani, yakipungua mwili ukishapata moto, mara nyingi ni ya misuli na utando unaoufunika mfupa; mtu hupunguza mazoezi kidogo na kuendelea. Lakini maumivu yaliyokaa mahali pamoja, ambapo unaweza kupafunika kwa ncha ya kidole, yanayozidi kila unavyokimbia, humfanya mtu mwenye ujuzi ahofie kwamba mfupa wenyewe umechoka na umeanza kupata ufa. Eksirei ya wiki za mwanzo mara nyingi haionyeshi chochote, ndiyo maana ameomba kipimo cha MRI, na ndiyo maana hawezi kukuruhusu ukimbie kwa kuwa tu eksirei ni safi.

Jambo la kumuuliza ni mahali penyewe. Ufa wa upande wa ndani na nyuma wa mfupa wa ugoko kwa kawaida hupona ukipumzishwa. Watu wengi huanza kukimbia tena baada ya wiki 6 hadi 8, wengine mapema zaidi endapo uligunduliwa mwanzoni. Ufa wa upande wa mbele ni habari nyingine kabisa, kwa sababu upande huo wa mfupa huvutwa kila hatua unayopiga. Hupona kwa taabu, na ukilazimishwa unaweza kuwa mvunjiko kamili unaohitaji upasuaji. Hali kadhalika shingo ya mfupa wa paja. Tabibu anayekuzuia kabla hajajua ni upande upi hakuonei, na mimi katika nafasi yake ningefanya vivyo hivyo.

Sasa kuna yale asiyoweza kuyaona, na hapa nakuomba unisikilize kwa makini. Atakuuliza unakula nini na kiasi gani, na kama hedhi yako inakuja kila mwezi. Usione haya, wala usidhani anapekua mambo yasiyomhusu. Msichana anayekimbia maili nyingi na kula kidogo kuliko mwili unavyotumia, hata kama hakukusudia, mwili wake huanza kubana matumizi: hedhi hukatika, na mifupa hukosa kujengwa upya kwa kasi inayotakiwa. Tangu mwaka 2014 kamati ya kimataifa ya Olimpiki imekuwa ikilizungumzia tatizo hili kwa wanawake na kwa wanaume pia. Mfupa ukipata ufa, tabibu mzuri hatazami mfupa tu. Atakupeleka kwa mtaalamu wa lishe, na pengine atataka upimwe damu. Ikiwa hedhi yako imesimama, mwambie. Ikiwa umekuwa ukimeza ibuprofeni kabla ya mazoezi, mwambie ni ngapi na tangu lini, kwa sababu dawa hiyo huficha maumivu anayotaka kuyapima, na kwa mtu aliyepungukiwa na maji mwilini huweza kudhuru figo.

Najua kwamba kunyamaza kumo katika malezi yako. Nimekulea kwa kukuambia kwamba mvumilivu hula mbivu, na bado ninaamini hivyo juu ya masomo na juu ya mazoezi yenyewe. Tangu enzi za Suleiman Nyambui, mkimbiaji wa Tanzania, pale University of Texas at El Paso, vijana kutoka kwetu wamekuja kukimbia katika vyuo vya nchi hii, na wengi niliowahudumia waliniambia maumivu yao wakiwa tayari wanachechemea. Kulalamika kwao kulikuwa aibu. Ningempata mmoja wao wiki tatu mapema, ningekuwa na mengi ya kumfanyia.

Mtu anayeumia kichwa hulindwa kidogo dhidi ya ukimya wake mwenyewe: tangu mwaka 2010 NCAA inataka kila chuo kiwe na mpango ambao kwao mchezaji mwenye dalili za mtikisiko wa ubongo anatolewa, harudi siku ile, na harudi baadaye bila idhini ya daktari au mtu aliyekasimiwa naye, akipanda hatua kwa hatua. Lakini kwa mfupa wa ugoko hakuna anayeona dalili isipokuwa wewe.

Umeuliza pia kama kocha atajua kila unachosema. Ulipojiunga ulitia saini fomu kuhusu taarifa zako; omba uisome tena. Kwa desturi ya kazi, kocha huambiwa kama unaweza kufanya mazoezi yote, sehemu tu, au hapana, pamoja na muda unaokadiriwa. Habari za hedhi na za chakula hazina sababu ya kufika kwake. Muulize tabibu waziwazi ataandika nini na nani atasoma, naye hapaswi kukasirika.

Kuhusu ufadhili wako, ambao nadhani ndio unaokunyima usingizi: kanuni za Daraja la Kwanza haziruhusu chuo kukunyang’anya ufadhili katikati ya muda mliokubaliana kwa sababu umeumia. Tangu Agosti 2024 vyuo hivyo vinatakiwa pia kugharamia matibabu ya majeraha ya michezoni kwa muda usiopungua miaka miwili baada ya mwanafunzi kumaliza. Lakini jeraha ambalo halikuandikwa popote litathibitishwaje kwamba lilitokana na michezo? Mtu anayemeza vidonge na kunyamaza anajinyima ushahidi wake mwenyewe. Na bima ya kazini kwa baba yako kwa kawaida hulipa kwanza kabla ya ile ya chuo, kwa hiyo barua zozote za bima zitakazokujia tutumie siku hiyohiyo.

Usimfanye kocha kuwa adui. Mwombe yeye na tabibu mkae pamoja, daktari wa timu akiwapo ikiwezekana, muulizane mtafanya nini katika wiki hizi. Kupumzisha mfupa hakumaanishi kulala. Utakimbia ndani ya maji marefu ukiwa na mkanda wa kukufanya uelee, utaimarisha nyonga na vitanga vya miguu, na kama chuo kina ile mashine ya kukimbilia inayopunguza uzito wa mwili, utaanza kwa sehemu tu ya uzito wako. Baadaye utatembea na kukimbia kwa kupokezana, dakika chache kwa wakati mmoja, na hutapanda hatua nyingine mpaka ile ya kwanza iishe bila maumivu siku hiyo na asubuhi yake. Endapo hamtaafikiana, una haki ya kuomba maoni ya daktari mwingine, na mimi na baba yako tutalipia.

Nenda asubuhi mapema. Tabibu mmoja mara nyingi hubeba timu kadhaa, na kufikia alasiri chumba kimejaa wachezaji wa kufungwa plasta kabla ya mazoezi; saa moja au saa mbili za asubuhi atakuwa na nafasi ya kukusikiliza. Beba kalenda yako ya hedhi, daftari lako la maili, na chupa ya vidonge jinsi ilivyo.

Majibu ya MRI yakitoka, muulize ufa uko upande gani wa mfupa na umefikia daraja lipi, kisha uniandikie kama alivyosema. Ikiwa ni upande wa mbele, nipigie simu hata kama ni usiku wa manane.

Wasalaam,
Mama yako