Wasomaji wanauliza: Apareyi za pelikule zilizokaa kabatini

SWALI: Jambo papa. Baba mkubwa wetu alitutoka mwaka jana hapa Bukavu, alikuwa mtu wa foto tangu ujana wake, na kwenye kabati lake tumekuta apareyi tatu za kupigia foto ndani ya mifuko yake ya ngozi: Zenit-E, Canon AE-1 na ile Yashica Mat-124G ya kutazama kutoka juu. Wadogo zangu wanasema tuziweke saloni zikuwe pambo, mimi nataka kuzipigia. Nianze na ipi, na nitajuaje kama bado nzima? Tena Canon ni kama iko na pelikule ndani. (Msomaji wa Kadutu)

JIBU: Pole sana kwa kufiwa, mwanangu. Canon kwanza, maana njo ya haraka: usifungue mlango wa nyuma, hata kuchungulia tu. Inua ile manivela ndogo ya juu upande wa kushoto, zungusha pole pole kufuata mshale, ukisikia inakaza basi pelikule iko. Finya buto ndogo ya chini ya apareyi, zungusha tena mpaka usikie imelegea kabisa, njo ufungue, na kwa kazi hiyo haina haja ya betri. Hiyo pelikule isafishe, yaani ipitishe kwenye dawa ili sura zitokee, hata kama ni ya rangi na miaka imepita. Rangi zitakuwa zimechoka lakini ukiipitisha kwenye dawa za nyeusi na nyeupe bado inaweza kutoa sura, na sura za mwisho alizopiga baba mkubwa hakuna butiki itakuuzia.

Sasa toa zote kwenye hiyo mifuko ya ngozi leo leo. Bukavu mvua inaanza mwezi wa tisa na kuendelea mpaka wa tano, unyevu wa ziwa uko palepale, na ngozi inashika maji halafu inalisha kuvu, kisha kuvu inahamia kwenye vioo. Fungua kabisa diafragma (lile tundu la kupitisha mwanga) ya objektifu, yaani lensi, washa torshi ya simu, mulika kutoka nyuma na uangalie kwa pembeni: ukiona nyuzi nyembamba zinatawanyika kama mizizi, njo yenyewe. Ikiwa juu ya kioo cha mbele au cha nyuma, inafutika kwa kitambaa laini na alkoholi kidogo. Ikiwa katikati ya vioo, inahitaji fundi anayejua kufungua na kurudisha. Lakini usiogope kuvu kidogo, foto itatoka tu, labda itafifia ukipiga kuelekea jua. Kisha nunua boksi la plastiki lenye kufunga vizuri, weka ndani tule tupakiti twa silika tunatoka kwenye viatu vipya, ubadilishe mara kwa mara. Na zaidi ya yote zipige. Shata, lile pazia la ndani linalofunguka kupitisha mwanga unapopiga, ikifanya kazi kila juma inabaki laini, ya kabatini mafuta yake yanaganda, mimi nimeona apareyi nyingi zaidi zikifa kwa kufungiwa kuliko kwa kuanguka.

Kwa kupiga, uanze na Zenit. Ni apareyi ya Warusi, ya kiwanda cha Krasnogorsk karibu na Moscow, walianza kuitengeneza 1965 na ikatoka kwa mamilioni, nzito, ngumu, na hakuna kitu ndani yake kinachoomba betri. Hata kipimo cha mwanga kinatumia seleniamu, yaani mwanga wenyewe njo unakipa nguvu, ingawa kwa umri ule sindano inaweza kuwa inadanganya au imekufa kabisa. Haidhuru, tumia kanuni ya jua: jua likiwa kali weka diafragma 16 na mwendo wa shata ulio karibu na namba ya pelikule. Pelikule ya 400 maana yake 1/500 ya sekunde, na 1/500 njo mwisho wa mwendo wa Zenit, inakutosha kabisa. Wingu likiingia fungua mpaka 8, kivulini 5.6 au 4. Ukizoea hivyo miezi michache utasoma mwanga kwa macho bila kuuliza mashini, na huo ujuzi hakuna mtu atakunyang’anya. Kitu kimoja tu: kama objektifu yake ni Helios 44-2 ya milimita 58, diafragma haijifungi yenyewe, unaifungua kutafuta sura, halafu unazungusha pete kuifunga kabla ya kupiga. Ukisahau foto inaungua na mwanga. Na ile Helios, ee bana, piga mtu kwa diafragma 2 mbele ya miti ya mbali, angalia namna majani ya nyuma yanazunguka, utaelewa kwa nini vijana wa Ulaya wanaitafuta mpaka leo.

Kabla ya kuweka pelikule fanya hivi kwa zote mbili, Zenit na Canon: fungua nyuma ikiwa tupu, elekeza kwenye ukuta mweupe wenye mwanga, piga kila mwendo huku unatazama. Mwanga upite sawa kutoka ukingo mpaka ukingo, upande mmoja ukibaki mweusi shata imechoka.

Canon AE-1 ya 1976 ni nzuri, lakini bila betri ya volti 6 haipigi hata moja. Ukikosa ile betri ndefu, panga LR44 nne, hizi za kalkuleta, zinaingia. Ikipiga na kulia kama inakohoa, mafuta ya kioo cha ndani yamekauka, bado inatumika ila peleka kwa fundi. Angalia pia sponji nyeusi kwenye mlango, kwa umri huu huwa imekuwa ulimbo, ikwangue na uweke uzi mweusi wa sufu.

Yashica iache ya mwisho kwa sababu inakula pelikule pana ya 120, foto 12 tu, na kuipata ni kazi. Ila kwa kupiga wazee hakuna kama hiyo, unainamisha kichwa mbele yao, hauwaelekezei kitu usoni, na wao wanakaa kwa amani.

Pelikule nyingi zinatufikia kwenye mabegi ya watu, basi mwambie anayekuletea aombe ikaguliwe kwa mikono, skana mpya za viwanja vya ndege zinaichoma. Kusafisha ufanyie nyumbani: HP5, pelikule ya nyeusi na nyeupe, ndani ya dawa ya D-76 iliyokwisha kutengenezwa na isiyoongezewa maji mengine, ni dakika 7 na nusu kwa digrii 20, na sisi tuko karibu mita 1,500 juu ya bahari, maji yetu ya usiku hayako mbali na hapo. Mtu wa Kinshasa anatafuta barafu kwa kazi hiyohiyo!

SWALI: Papa, shata ya apareyi yangu imekuwa nzito, fundi mmoja hapa Goma anataka kudondoshea mafuta. Nikubali? (Kijana wa Himbi)

JIBU: Kataa. Zile bapa nyembamba za shata na za diafragma zinatakiwa zikae kavu kabisa, mafuta yakifika pale zinanatana na siku moja zinapinda. Uzito mara nyingi ni grisi ya zamani iliyoganda kwenye gia, dawa yake ni kufungua, kusafisha, na kutia tone dogo sana pale tu panapohitaji. Tena Goma ile vumbi nyeusi ya volkano inakwangua kioo, ipulize kwanza kwa pampu ya mkono, usifute kabla.

SWALI: Niko na boksi la negatifu za marehemu mume wangu, zingine zimeshikana, zingine zinanuka siki. Nizitupe? (Mama wa Katuba, Lubumbashi)

JIBU: Hapana mama, usitupe hata moja. Zinazonuka siki zitenge leo, plastiki yake inaoza na ile hewa yake inaharibu zingine, hizo njo za kunakili kwanza. Zilizoshikana usizivute, loweka kwenye maji safi ya baridi mpaka ziachiane zenyewe, kisha tundika chumba kisicho na vumbi. Kunakili ni rahisi: tableti yenye skrini nyeupe, negatifu juu ya kioo safi kilichoinuliwa sentimita chache, na simu ya mjukuu ikipiga kutoka juu, halafu programu inageuza rangi. Andika majina ya watu siku hiyohiyo, wakati wewe bado unawatambua wote.