Kusoma vitabu vya zamani kwa sauti ukiwa Bagamoyo, niliyojifunza mimi

Nianze na saa maana ndo kitu cha kwanza kilichonitesa. Kama unakaa Bagamoyo mjini na unataka kurekodi kitabu cha sauti, saa yako ni kuanzia saa saba usiku hadi kabla ya adhana ya alfajiri, ukizidisha hapo umeharibu. Mimi nlianza kurekodi saa nne asubuhi nkiwa na moyo kabisa, nkasoma ukurasa wote bila kukosea, kuja kusikiliza nasikia kunguru tu, kunguru kama wamekaa juu ya meza yangu, na bodaboda inapita, na mama wa jirani anamwita mtoto. Masikio yetu yameshazoea hizo sauti ndo maana huzisikii unaposoma, ila maiki haijazoea kitu, inachukua zote.

Basi nikahamia usiku. Friji nachomoa, feni nazima, nakaa chini kati ya kitanda na kabati la nguo, blanketi zito limefunika kichwa mpaka simu. Joto la pwani mnalijua, hivo narekodi dakika kumi natoka napumua narudi tena. Umeme ukikatika ndo raha, mtaa mzima unanyamaza, mradi tu simu uwe umeshaichaji. Na kama nyumba yako ni ya mabati, msimu wa masika sahau, mvua ikianza tu wewe lala.

Sasa hii kazi yenyewe ni nini. Kuna watu wa kujitolea duniani wanasoma vitabu ambavyo hakimiliki yake imeshaisha, wanarekodi, wanaviweka bure kwenye intaneti, yeyote anapakua. Kundi kubwa linalojulikana ni LibriVox, alilianzisha Hugh McGuire kule Montreal, Kanada, mwaka 2005. Hakuna anayelipwa, msomaji halipwi na anayehakiki halipwi. Mmoja anakuwa mratibu wa kitabu, anagawa sura, wewe unachukua sura unayoiweza, unasoma unatuma, mwingine anasikiliza yote anakwambia dakika ya ngapi umerudia sentensi au umeacha kimya kirefu. Hawakufanyii usaili wa sauti. Kabla ya yote unatuma rekodi ya dakika moja ya majaribio, wanapima ukubwa wa sauti na makelele, lafudhi yako haiwahusu. Hilo kwangu lilikuwa kubwa sana maana nlikuwa najiuliza nani atataka kusikiliza mtu anayesoma kimrima, Kiswahili chetu cha pwani hii.

Vya Kiingereza vimejaa, huwezi kuvimaliza maisha yako yote. Vya Kiswahili ukitafuta utachoka mapema sana. Na sio kwamba hatuna vya kusoma! Edward Steere alichapisha hekaya za Unguja London mwaka 1870, Kiswahili upande mmoja na Kiingereza upande wa pili, kile kisa cha Sultani Darai na paa wake kimo humo. Mimi nlianzia na hekaya fupi za humo humo, kwa sababu LibriVox wana mikusanyo ya kazi fupi za lugha mbalimbali, unachangia kipande chako kimoja tu huna haja ya kubeba kitabu kizima. Nawashauri wote muanzie hapo. Mtu akianza na kitabu cha sura arobaini anaishia sura ya tatu, nimeona zaidi ya mara moja.

Kitabu chenyewe kilichonishika ni kile cha desturi za Waswahili kilichotoka Göttingen, Ujerumani, mwaka 1903. Jalada lina jina la Mjerumani, Carl Velten, lakini maneno mengi ya ndani ni ya Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Bagamoyo hii hii, aliyekwenda Berlin kufundisha Kiswahili, akaoa huko, akataka kurudi nyumbani na mke wake mzungu mwaka 1905 na serikali ya kikoloni ikawakatalia wasishuke Dar es Salaam. Akarudi Ujerumani, akafia Berlin mwaka 1927. Nlipojua hiyo habari nlikaa kimya siku nzima. Mtu kaandika ndoa zetu, ngoma zetu, maradhi yetu, vyote kwa Kiswahili, na hapa mtaani ukiuliza vijana kumi hakuna anayemjua.

Hapo nitoe tahadhari ya sheria kwa sababu watu wanateleza. LibriVox wanafuata sheria ya Marekani, kule kitabu kilichochapwa zaidi ya miaka 95 iliyopita kiko huru, hivo cha 1870 na cha 1903 havina shida. Hapa kwetu wanahesabu tangu mwandishi alipofariki, kwa hiyo angalia pande zote mbili. Na usichanganye kitabu cha zamani na toleo lake jipya! Hiki cha desturi kina tafsiri ya Kiingereza ya mwaka 1981, hiyo tafsiri na maelezo yake ina wenyewe, usiiguse. Soma kutoka kwenye kurasa zilizopigwa picha za toleo la kwanza, ukurasa wa mwanzo wenye mwaka uonekane, watakuuliza.

Af kuna tahajia. Kitabu kinaandika khabari, kinaandika sheri'a, maneno mengine sijawahi kuyasikia popote. Nlikuwa nasoma habari kama tunavoandika sa hivi nkaona nimerahisisha mambo. Jirani yangu ni mzee wa baharini, macho hayaoni tena kwa mtoto wa jicho, mchana anakaa barazani na kile kiredio cha memori kadi anasikiliza mawaidha na taarabu. Nikamwambia shikamoo babu, naomba nkuwekee kitu humo ndani unisikilizie. Nikamwekea vipande vitatu. Kesho yake ananiita, "Mjukuu wangu, umesoma vizuri ila unakimbia, na hilo neno khabari mbona unalitoa mifupa? Sisi tulikuwa tunaisema ile khe yenyewe." Nikarudia vyote vitatu. Toka siku hiyo ndo mhakiki wangu wa kwanza, situmi kitu kokote kabla hajakisikia, na maneno nisiyoyajua namsomea yeye kwanza, mengine anayajua kwa sababu bibi yake alikuwa akiyatumia.

Kwa hiyo ushauri wangu mkubwa kuliko maiki na kompyuta ni huo, tafuta mzee wako. Mhakiki wa mbali atakwambia sauti iko chini, hatakwambia kwamba neno umelisema kibara.

Jambo lingine zito. Kwenye kitabu hicho cha desturi kuna sehemu ya watumwa, na Bagamoyo misafara ya bara ilikuwa inaishia hapa, pembe na watu, kuna familia hapa zimetokana na waliouza na nyingine na waliouzwa na wanaswali msikiti mmoja. Nlipofika hapo nilisita wiki mbili. Nlifikiria kuruka maneno fulani, au niseme kidogo mwanzoni kwamba mimi siyakubali. Utaratibu wa LibriVox ni kusoma kilichochapwa kama kilivyo, huongezi maoni yako humo, na mwanzoni nliona ni ukatili. Nikamsomea mzee ana kwa ana, sikumwekea kwenye redio. Alisikiliza mpaka mwisho akanyamaza, akasema "Hayo yalikuwapo. Soma." Nikasoma. Ila nlisoma taratibu, bila kupandisha sauti popote, na nawaambia wenzangu sehemu kama hizo usiigize, usilie, usikaze sauti kama tamthilia, acha maneno yenyewe yafanye kazi.

Vya mitambo nivipitie haraka. Simu ya kawaida inatosha kuanza, iweke pembeni ya mdomo sio mbele kabisa maana p na b zitapasua, ukipata maiki ya yuesibi mbeleni vizuri. Programu ya kurekodi na kukata sauti ni Audacity, ni ya bure. Faili LibriVox wanataka liwe MP3, 128 kbps, 44.1 kHz, mono, sauti karibu desibeli 89, mwanzo nusu sekunde hadi sekunde moja ya kimya na mwisho sekunde tano. Ukikosea neno usisimamishe rekodi, piga kofi moja, rudia sentensi nzima, baadaye yale makofi utayaona kwenye mchoro wa sauti yamechomoza unakata hapo hapo. Bando la kupandisha faili nalinunua usiku, rekodi ya nusu saa inakaribia MB 30.

Na ujue mapema kabla hujatuma, ukishaitoa umeitoa. Rekodi inakuwa mali ya umma, mtu anaweza kuichukua akaiuza na huna pa kwenda kulalamika. Rafiki yangu mmoja alipojua hivo aliacha kabisa, na namwelewa. Mimi nlipima nikaona mtu akiiuza haimzuii mwingine kuipata bure, na yule babu barazani hatoi hata shilingi.

Sa hivi niko kwenye sehemu ya ngoma ya kitabu hicho cha desturi. Juzi mzee kaniuliza mbona nachelewa, nikamwambia kuna majina ya ngoma sijui yanatamkwaje, akasema njoo nayo kesho baada ya laasiri. Nimeyaandika yote kwenye karatasi, majina kumi na moja.