Udhamini kwa vijana wa ndoano: maswali yenu kutoka ziwani

Barua nyingi za mwezi huu zimetoka kwa vijana wanaovua kwa fimbo kwa ajili ya mashindano, kwenye Ziwa Victoria, kuanzia Kirumba jijini Mwanza hadi Nansio kisiwani Ukerewe, na karibu zote zinauliza jambo moja: mdhamini anapatikanaje? Tumechagua nane. Wa migonzo (kamba ndefu zenye ndoano nyingi) na nyavu mtuvumilie, zamu yenu inakuja.

Shikamooni. Nina miaka 19, navua sangara. Nimepeleka barua 12 kwa kampuni za hapa mjini na hakuna hata moja iliyojibiwa. Nakala nimeambatanisha. Nakosea wapi? (Kirumba)

Marahaba. Barua yako imefia kwenye kichwa cha habari: "YAH: KUOMBA MSAADA". Msaada ni ndugu yake mchango wa harusi. Mtu hutoa kwa huruma au kwa kujuana, na meneja wa duka ana kadi za michango mezani kila wiki. Karani akiona neno hilo anaitia barua kwenye jalada la waombaji, wakati wewe ulitaka imfikie mtu wa masoko. Andika "YAH: PENDEKEZO LA UDHAMINI", halafu hakikisha kilichomo ndani ni pendekezo kweli.

Kurasa zako ni tatu, na mbili za kwanza zinaeleza babu yako alivyokufundisha kuvua. Ni habari nzuri, lakini ikate. Ukurasa mmoja unatosha. Anza na wewe ni nani, unavua wapi, na matokeo yako ya miezi 12 iliyopita kwa tarakimu. Fuatisha mahali ambapo wateja wa huyo mtu watakuona: mwaloni samaki wanaposhushwa, siku gani, chuoni, kwenye kundi la WhatsApp lenye watu wangapi. Kisha taja unachoomba kwa jina na idadi. Uliandika "vifaa vya uvuvi". Hicho hakuna anayeweza kukiidhinisha. "Mita 300 za mshipi wa kusuka wa paundi 50, chambo bandia 6 na jaketi okozi 1" kinaidhinishwa kwa dakika mbili, maana mtu anajua bei yake dukani kwake. Malizia na utakachorudisha na tarehe zake, namba ya simu na picha moja.

Jingine: barua zote 12 zimeandikwa "Kwa Anayehusika", na uliziacha getini kwa walinzi. Ulizia jina na cheo cha mwenye uamuzi, ipeleke mkononi katikati ya wiki asubuhi, piga simu baada ya siku 7, pita mara moja baada ya 14, basi. Ukizidisha hapo unakuwa kero. Na kwa kampuni kubwa angalia kalenda: nyingi hupanga fedha za mwaka unaofuata kati ya Oktoba na Desemba. Zako zilifika Februari, chungu kimeshaepuliwa.

Nianze kwa nani? (Igoma)

Kwa yule ambaye tayari unampelekea hela: muuza mishipi na ndoano, fundi wa mashine, mwenye boti unayokodi. Anakujua sura, na kila kijana unayempeleka dukani kwake anamwona kwa macho. Baada ya hapo nenda kwenye hoteli za ufukweni na wanaopeleka wageni Rubondo, ambako uvuvi wa michezo wa sangara ni sehemu ya utalii wa hifadhi. Viwanda vya minofu waweke mwisho. Wateja wao wengi wako nje ya nchi, kwa hiyo nembo kwenye jezi yako pale Kirumba haiwaongezei mnunuzi. Wakikusikiliza, itakuwa kwa habari ya uvuvi halali, basi nenda na hiyo.

Mimi ni msichana wa Nansio, nina wafuasi 340 tu Instagram. Si watanicheka?

Muuza vifaa wa Nansio hana cha kufanya na wafuasi 40,000 wa Dar es Salaam ambao hawatavuka kivuko kuja kununua ndoano kwake. Kati ya hao 340, hesabu wanaoishi Ukerewe na Mwanza, kisha hesabu waliokuuliza mwezi huu "umenunua wapi?" Namba hizo mbili ndizo za kuandika kwenye barua. Piga picha ya skrini ya maswali yao, ficha majina, ambatanisha. Na usinunue wafuasi: mtu akiona wafuasi 10,000 na "laiki" 15 anajua kinachoendelea.

Picha zangu ni nyingi na samaki ni wakubwa, lakini mwenye duka alizitazama akanirudishia simu. Kwa nini? (Igombe)

Tumezitazama tisa ulizotuma. Ya kwanza sangara ni mdogo, na ubao wa vipimo haupo. Sangara wa chini ya sentimita 50 haruhusiwi, na mfanyabiashara hataki jina lake likae jirani na samaki ambaye afisa uvuvi angeuliza habari zake. Ya tatu ni nzuri sana, ila nyuma yako limeanikwa kokoro, wavu wa kuburuta uliopigwa marufuku. Najua si lako. Anayeitazama hajui. Kwenye picha sita umesimama ndani ya boti bila jaketi okozi, na hiyo peke yake inatosha kumkimbiza mtu wa benki au bima.

Sasa namna ya kupiga. Futa kwanza kioo cha kamera kwa kitambaa kikavu, maana utelezi wa samaki ndio unaotia ule ukungu mweupe. Mpiga picha aache jua mgongoni kwake, kabla ya saa 3 asubuhi au baada ya saa 10 jioni. Mchana kofia inakutia kivuli usoni na uso ukapotea. Lowesha mikono, mshike samaki kwa ulalo, mkono mmoja nyuma ya kichwa, mwingine chini ya tumbo. Usimning'inize kwa matamvua kama wa kuuza kwa kilo. Mkono usifunike nembo kifuani. Piga nyingine akiwa juu ya ubao wa vipimo, mdomo umegusa sifuri na tarakimu zinasomeka.

Kama unamrudisha majini, pima urefu na mzingo wa pale alipo mnene zaidi, kwa sentimita. Zidisha mzingo kwa mzingo, kisha kwa urefu, gawanya kwa 28,900, unapata makadirio ya kilo. Sangara wa urefu wa 90 na mzingo wa 60 anakuja kama kilo 11. Andika "makadirio". Na angalizo: sangara akitolewa haraka kwenye kina kirefu bondo lake, yaani mfuko wa hewa tumboni, hutanuka, tumbo linavimba na anashindwa kuzama. Picha ya samaki anayeelea ubavu chini ya maandishi "nimemwachia huru" inakuumbua mbele ya kila mvuvi, na mwenye duka la vifaa naye ni mvuvi.

Mdhamini kaniuliza "siku moja ya mashindano inakula mafuta kiasi gani?" nikababaika. (Luchelele)

Swali hilo huulizwa makusudi, ili kujua kama unaijua kazi. Chukua mashine ya farasi 15 ya mipigo miwili. Ikikimbizwa kasi yote inakunywa takribani lita 6 hadi 7 kwa saa. Ikiburura chambo polepole, kama lita 2 hadi 3. Siku ya saa 8, ukikimbia saa 2 na kuburura saa 6, ni lita 14 na lita 15, jumla 29. Ongeza theluthi ya akiba kwa upepo na mawimbi ya kurudi, unafika kama lita 40. Oili kwa mchanganyiko wa 50 kwa 1 ni mililita 800. Zidisha kwa bei ya kituo ya wiki hiyo, weka risiti. Mashine ya mipigo minne hunywa pungufu na haichanganyiwi oili kwenye petroli, kwa hiyo usinakili hesabu ya mwenzako.

Weka pia kodi ya boti, nahodha, chakula, ada ya kushiriki na leseni. Usijilipe "posho" kwenye bajeti ya kwanza. Ni haki yako, lakini macho ya mtoaji hukimbilia mstari huo kabla ya yote. Ukiweza, omba petroli ilipiwe moja kwa moja kituoni. Mtu anayesita kukupa laki mkononi hutoa petroli ya laki bila shida.

Vijana wa Marekani jezi zao zimejaa nembo. Wote wanalipwa? (Nyegezi)

Hapana. Kule mashindano ya samaki aina ya bass ni biashara ya miaka mingi, fainali za Bassmaster Classic zilianza 1971, na shule na vyuo vina timu zake. Hata hivyo nembo nyingi kwenye jezi ya kijana humaanisha punguzo la bei: ananunua fimbo kwa bei nafuu, naye anaitangaza. Fedha taslimu huenda kwa wachache wa juu. Punguzo la asilimia 20 kwa fundi wako wa mashine ni udhamini kamili, lishone kifuani.

Mwanangu ana miaka 16. Duka limempa mkataba asaini. Nimruhusu? (Mzazi, Buswelu)

Mzazi mwenzetu, asisaini peke yake. Aliye chini ya miaka 18 hana uwezo kisheria wa kufunga mkataba, hivyo saini iwe yako kama mlezi. Soma mistari minne kwa kalamu mkononi: unaanza na kuisha lini, picha zake zitatumika hadi lini, kwa sababu "milele" ni ndefu, kifaa kikipotea majini nani analipa, na je, anazuiwa kupokea kutoka kwa wengine. Huo wa mwisho ndio mtego. Wakiandika "bidhaa zote za uvuvi", omba ibaki aina wanayompa, kama ni mishipi basi mishipi tu. La sivyo mtoto amefungwa mwaka mzima kwa kofia na fulana mbili. Na kama mtoaji ni wa pombe au kamari, kataa bila kujadili bei.

Mdhamini alinilipia boti na mafuta, nikarudi mikono mitupu. Naona aibu kumpigia. (Kayenze)

Mpigie leo, kabla hajasikia kwa mtu. Ndani ya saa 48 mpe ripoti ya ukurasa mmoja: saa ulizovua, maeneo, chambo ulizobadilisha, samaki waliogusa na kukatika, washiriki walikuwa wangapi na wangapi walipata. Tia picha 4 zinazoonyesha nembo yake, idadi ya waliouliza kuhusu duka lake, risiti zote, na chenji iliyobaki hata kama ni shilingi 3,500. Hiyo chenji uiweke kwenye bahasha yenye kiasi kilichoandikwa juu, umkabidhi mwenyewe mkononi.