Ripota anayetaka kiti: aache kuandika lini?

SWALI: Assalaam alaykum mhariri. Mimi ni ripota wa kujitegemea hapa Lamu. Nalitumia habari gazeti moja la Nairobi, na asubuhi naendesha kipindi cha simu kwenye redio ya jamii. Wazee wa mtaa wamenitaka nigombee uwakilishi wa wadi ya Mkomani 2027, nami nimekubali, ila sijatangaza. Je, sheria yanilazimisha kuacha kazi? Na nikiendelea hadi IEBC, tume ya uchaguzi, iniidhinishe, nitakuwa nimekosea?

JIBU: Waalaykum salaam, ndugu yangu. Sheria kwanza, maana ndiyo fupi. Ibara ya 38 ya Katiba inakupa haki ya kugombea kama raia mwingine yeyote. Kifungu cha 43 cha Sheria ya Uchaguzi ya 2011 kinawataka watumishi wa umma wanaowania viti wajiuzulu miezi sita kabla ya kura, lakini ripota wa gazeti la binafsi au redio ya jamii si mtumishi wa umma. Ungekuwa umeajiriwa na KBC, shirika la utangazaji la serikali, ningekwambia mengine.

Maadili ndiyo yanayokubana. Kanuni zilizo chini ya Sheria ya Baraza la Vyombo vya Habari ya 2013 zinamtaka mwanahabari aepuke mgongano wa maslahi, uwe wa kweli au wa kudhaniwa. Wako ni wa kweli, na ulianza siku ulipowakubalia wazee. Kutotangaza kunauzidisha, kwa sababu wewe unajua na msikilizaji hajui.

Chukua kipindi chako. Mtu anapiga simu kutoka Mkomani akilalamika kwamba maji hayatoki. Unamuuliza, "Na mwakilishi wenu anasemaje?" Kabla hujawakubalia wazee, hilo lilikuwa swali la haki. Leo unamshtaki mpinzani wako naye hayumo studio. Akifuata mwingine akakuita "mheshimiwa mtarajiwa", ukacheka na kupokea simu nyingine, kampeni imeshapita hewani bila malipo. Na ukiliacha swali lile ili usionekane unampiga vita mwenzako, aliyekosa maji amekosa na wa kumuulizia. Ukiuliza una lawama, ukinyamaza una lawama.

Kwa hiyo waandikie mhariri wako wa Nairobi na meneja wa redio wiki hii, uwaeleze wazi. Toka kipindini kabisa. Acha habari za kaunti na za vyama. Wapo watakaokwambia ubaki na habari zisizo na siasa, lakini hapa Lamu habari kama hizo ni chache mno. Fidia ya wavuvi walioathiriwa na bandari ya Lamu, ya mradi wa uchukuzi wa LAPSSET, ambayo Mahakama Kuu iliamua 2018 kuwa shilingi bilioni 1.76, ni habari ya bahari na mkate wa watu. Mgombea akiiandika anaomba kura, hata kama hakukusudia.

Kuna jambo wengi hawaliangalii: namba zilizo kwenye simu yako. Wavuvi na wauguzi walikupa upate habari. Kuwatumia ujumbe wa kuomba kura ni kuvunja amana, na Sheria ya Kulinda Data ya 2019 hairuhusu taarifa za mtu zilizokusanywa kwa kazi moja zitumiwe kwa nyingine isiyolingana nayo. Mfikirie hasa yule aliyekunong'oneza siri ya ofisi yake. Akiona picha yako kwenye bango atajiuliza siri ile iko mikononi mwa nani sasa. Mpigie wewe mwenyewe umtoe hofu, na usimkabidhi kwa ripota mwingine mpaka akubali.

Njia ya kutoka habari kwenda siasa ipo, na hapa Pwani tumeiona: Mohammed Ali, aliyejulikana kwa upekuzi wake kwenye runinga, alishinda ubunge wa Nyali 2017 akiwa mgombea huru. Ukishindwa, unaweza kurudi. Michezo, Maulidi, mashindano ya majahazi, hayo yote andika. Ila mhariri awaambie wasomaji kwamba uligombea, na aliyekushinda aandikwe na mwingine. Kama ningekuwa mhariri wako, ningekuzuia kumgusa muhula wake wote wa miaka mitano.