Kiwanja Usichokijua, Pita Juu Kwanza

Juzi kijana mmoja wa Moshi, ndiyo kwanza kapata leseni ya urubani, kaniandikia: "Shikamoo kaka. Kesho napeleka wageni kiwanja cha porini ambacho sijawahi kukiona. Nifanyeje?" Nikamjibu kwa maneno matatu: pita juu kwanza. Kisha usingizi ukagoma, maana mimi siku yangu sikupita.

Nilijifunzia urubani Dar es Salaam, usawa wa bahari, lami ndefu. Nikahamia Arusha nikijiona nimeiva. Kisongo penyewe, kiwanja cha ndege cha Arusha, ni futi 4,550 juu ya bahari. Seronera, kule Serengeti, inazidi 5,000. Huko juu hewa ni nyepesi: mshale wa mwendo unasoma kilekile cha pwani, lakini ardhi inakupita kwa kasi iliyozidi kwa karibu asilimia 10. Swali hilo nililipata kwenye mtihani, tena vizuri tu.

Basi, ndege ndogo ya Cessna 206, abiria wanne, jua la saa nane. Kiwanja cha vumbi, chembamba. Chembamba kina uongo wake: macho yanakwambia uko juu mno, nawe unazidi kushuka. Nikaona vichaka vinakimbia, nikapunguza gesi. King'ora kikalia, kile kinachoonya kwamba mwendo umepungua mno na mbawa ziko karibu kushindwa kuibeba ndege. Nikaongeza gesi kwa hofu, ndege ikaelea hadi nusu ya kiwanja, na hapo ngiri na wanawe wakakatiza, mikia juu kama antena. Nilipaswa kupaa tena mapema. Sikupaa, kwa sababu madereva wa watalii walikuwa kivulini wananitazama. Nikakanyaga breki, tairi likapasuka, tukaishia majanini. Hakuna aliyeumia. Bosi wangu wa wakati ule alinifokea mbele ya abiria, na jina "rubani wa pwani" ninalo mpaka leo.

Kwa hiyo sikilizeni, wadogo zangu. Mpigie simu aliyetua pale wiki hii. Pita pembeni ya kiwanja, tazama soksi ya upepo, mteremko, madimbwi, wanyama. Amini mshale, macho ni waongo. Chagua mti au jiwe: ukilifikia na magurudumu bado hewani, unapaa, huombi ruhusa ya mtu. Nyie mnapiga picha mkiwa na miwani myeusi kabla hamjajua upepo unatoka wapi! Na pita juu kwanza, nimeshasema.

Jana jioni kijana kaniandikia tena. Kapita mara mbili, pundamilia wakaondoka, katua. Abiria mmoja alimuuliza kama wamepotea.